Mlango wa Kokom

Kijiwe chetu kiko mdomoni kabisa mwa stesheni ya Citerap, pale ambapo kila anayekwenda Jakarta lazima apite na kila anayerudi lazima atokee, labda awe amejifunza kuruka. Ni benchi moja la mbao, mguu wake mmoja ni tofali, na juu yake kuna bati linalovuja mahali pamoja tu, na hapo ndipo tunapomkalisha mgeni. Sisi ni watu wa bodaboda. Si hawa wa kuitwa kwa simu, wanaovaa makoti ya kufanana kama watoto wa kwaya. Sisi ni wa benchi, tunaitwa kwa mluzi. Mimi ndiye Jalu, na kama hujawahi kunisikia basi wewe hukai Citerap. Shule niliiacha mapema. Walimu walikuwa wameanza kuniuliza mambo ambayo wao wenyewe hawayajui, nikaona nisiwaaibishe. Jioni ninayoisimulia mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake huku kwetu, yaani bila kuombwa, kahawa ya Bu Imas, yaani Mama Imas kwa heshima, inachemka, sigara za karafuu zinafuka, na kesi mbele ya baraza ni moja: Bu Imas atafikaje Jakarta kesho asubuhi akiwa amekaa.

Nasema akiwa amekaa, na nina maana yangu. Wima hata mwavuli unafika Jakarta. Treni ya asubuhi inatoka Bogor, na ikifika kwetu viti vimeshapata wenyewe. Anayepandia Citerap kazi yake ni kutafuta mahali pa kuweka mguu wa kwanza, mguu wa pili ataufikiria akifika Depok. Sasa Bu Imas magoti yake yamekwisha. Meza ya kahawa na vya kukaanga hapo ubavuni mwa benchi ni yake, na amesimama mbele ya karai lile tangu mimi bado naloanisha godoro. Magoti hayo ndiyo yaliyomsomesha binti yake Komariah, Kokom wetu, chuo cha uuguzi kule Jakarta. Na kesho Kokom anaapa kiapo cha wauguzi. Wanaitwa mmoja mmoja, mama mtu anapanda jukwaani, anamvalisha mwanawe kofia nyeupe. Asiye na mama ukumbini anavalishwa na mwalimu. Milango ikishafungwa haifunguliwi, hata ulie kama paka.

Bu Imas hakutaka mwalimu amvalishe mwanawe. Alilisema mara moja tu, huku anageuza ndizi kwenye mafuta, na benchi zima lilisikia.

Mume wa Bu Imas ni mwenzetu wa bodaboda, Sharubu. Kitambulisho kinasema Sarmili, Pak Sarmili kwa wenye adabu, lakini kitambulisho hakijaona zile sharubu. Kahawa yetu inamiminwa na machicha yake, sisi wengine tunasubiri yatulie chini, yeye anakunywa palepale, machicha yanabaki juu ya mdomo kama mchele kwenye ungo. Miaka yote ya chuo cha Kokom, Sharubu ndiye aliyemleta stesheni kila alfajiri kwa pikipiki, mvua, giza, mfungo, sikukuu, hakukosa. Wiki hii Kokom analala bwenini kwa ajili ya mazoezi ya kuapa. Alipiga simu akasema atakuja kesho alfajiri awachukue wazazi wake. Sharubu akakataa. Akamwambia mtu anayepeleka mtaa mzima kwenye treni hawezi kuja kuchukuliwa kama kifurushi, yeye ataleta mama, na mama atakuwa amekaa. Kisha akakata simu, akatoka jasho.

— Nataka mawazo tu, akatuambia, kwa sauti ya mtu ambaye hayahitaji. — Mimi njia yangu ninayo.

— Itoe, nikamwambia.

— Nyie kwanza.

Akaanza Mzee Juu, maana umri una haki zake. Huyu tunamwita Mzee Juu kwa sababu ujana wake wote alisafiri juu ya paa la treni, enzi zile mabehewa hayana milango na mbuzi anapanda bila tiketi, na mwenye mbuzi vilevile. Alikuwa anauza mayai ya kuchemsha kutoka behewa hadi behewa. Ukimsikiliza, treni haikuwahi kuwa treni tangu walipoifunga milango na kuitia baridi. Yeye alisema jambo ni jepesi: Bu Imas abebe kigoda chake kutoka nyumbani, akiweke katikati ya behewa, akae.

Ngongoti akamwambia kigoda kimepigwa marufuku zamani.

— Na nani?

— Na wenye treni, mzee. Wanakunyang'anya getini. Stesheni kubwa kule wana chumba kimejaa vigoda.

— Basi hapohapo chumbani ndipo pa kukaa, alisema Mzee Juu. Akatulia kama mtu aliyeshinda kesi.

Ngongoti ni mrefu, akipanda pikipiki unadhani pikipiki ndiyo imebebwa. Yeye ndiye msomi wetu wa safari, kwa sababu alikwenda Jakarta kwa treni juzijuzi, yaani kabla hili bati halijaanza kuvuja. Safari hiyo tunaijua sote, ila yeye anadhani ameisahaulisha. Alipata kiti, akalala, treni ikafika mwisho wa reli, ikageuza, ikarudi naye. Akaamka Bogor. Akashuka, akazunguka sokoni, akala tambi, akarudi kijiweni kutuambia kwamba Jakarta wameisifu bure, inafanana na Bogor kila kitu, hata muuza tambi.

Nadharia yake ilikuwa ileile ya watu wote wa mstari huu. Ukitaka kwenda Jakarta na kiti, usiende Jakarta. Vuka upande wa pili, panda treni inayokwenda Bogor, ambayo asubuhi ni tupu, kaa, fika nayo mwisho, usinyanyuke, nayo ikigeuza wewe umo. Anayetaka kwenda mbele aanze kurudi nyuma. Mwenda pole hajikwai, alisema Ngongoti, kwa hiyo mama inabidi akimbie mapema.

Hapo Sharubu akaacha kunywa. Nilijua papo hapo kwamba hiyo ndiyo njia aliyokuwa anaificha.

— Tatizo, nikasema mimi, maana lazima pawepo mtu wa kufikiri, — Citerap yote inafanya hivyo siku hizi. Nawashusha mwenyewe hapa gizani, wanavuka wote upande wa Bogor. Ile treni tupu imejaa watu wanaoifuata kwa sababu ni tupu.

— Basi atangulie kabla yao.

— Saa ngapi?

— Alale Bogor, alisema Ngongoti. — Aende leo jioni hii. Alale stesheni, alfajiri awe wa kwanza.

— Na wenzake wenye akili kama yako watakuwa wamelala Bogor tangu jana.

Akafikiri kidogo. Akasema basi aende mbele zaidi ya Bogor, aende Sukabumi milimani, ashuke na treni ya huko. Mzee Juu akasema Sukabumi ana shemeji. Wakaanza kumpangia Bu Imas chumba cha kulala kwa shemeji, tena upande upi wa nyumba usiovuja, na mwenyewe yuko palepale anatumiminia kahawa. Kwa hesabu yao, ili mama huyu afike Jakarta kesho, ilibidi leo awe amekaribia kutoka nje ya nchi.

— Mkimaliza kunipeleka Sukabumi, alisema Bu Imas, — mnirudishie bilauri zangu.

Likaja la behewa la wanawake. Sharubu alidhani pale mwanamke mwenzake atamwonea huruma. Benchi zima likamcheka. Nani asiyejua habari za lile behewa, jamani? Wanaume wa mstari huu wote wanaliogopa bila kuliingia. Ngongoti aliapa kwamba mke wa jirani yake aliingia na ushungi wa pini tatu akatoka na ushungi wa mtu mwingine. Kule hakuna kumwachia mtu kiti, maana kila mmoja ana mgongo wake unaouma, na mimba haimtishi mtu, wote wamezaa.

— Basi la mchanganyiko, alisema Sharubu. — Wanaume watamwachia.

Nikacheka. Nikamweleza kuhusu ugonjwa wa usingizi. Mimi abiria wangu hunisimulia kila kitu, mtu akikaa nyuma yako kwenye pikipiki anakwambia mambo ambayo hata mkewe hajui. Mwanaume wa Citerap akishapata kiti yuko macho, anachezea simu, anacheka peke yake. Aingie mzee tu mwenye fimbo: simu inaanguka mapajani, shingo inalegea, anakoroma. Safu nzima. Utadhani wamepuliziwa dawa. Mzee akishuka, wanafufuka.

— Na dawa yake ninayo, nikasema.

Wakanitazama. Napenda wakinitazama.

— Doriani.

— Doriani nini?

— Bu Imas abebe doriani moja, lililoiva, lililopasuka kidogo. Alifunge kwenye kanga, aketi— asimame nalo mbele ya safu ya waliolala. Hakuna usingizi wa uongo unaoweza kuvumilia harufu ya doriani, hata lililofunikwa. Hawafiki kituo cha pili, wanahamia behewa lingine wenyewe. Anakaa safu nzima. Ananyoosha na miguu.

Mzee Juu alisema kwamba tangu anifahamu hajawahi kunisikia nikisema neno la maana, na hili limekaribia. Lakini Ngongoti akakumbusha kuwa doriani ni marufuku kuliko kigoda, na mama wa watu atashushwa katikati ya reli na tunda lake. Nikajibu mkono mtupu haulambwi. Akaniuliza hiyo methali inahusianaje. Nikamwambia inahusiana na doriani, kama hakuelewa arudi shule.

Wazo baada ya wazo likazidi kuharibika. Ngongoti alitaka Bu Imas avae ile beji wanayopewa wajawazito. Sharubu akamwuliza mimba ya nani, naye Ngongoti akasema hilo ni la ninyi wawili kupatana, na kijiko cha kukaangia kikampata begani, cha moto. Mzee Juu akasema la mwisho la yote: azimie. Aingie tu, macho juu, chini puu. Aliyezimia hapewi kiti kimoja, anapewa viti vinne alale. Yeye enzi za mayai aliwaona watu waliozimia hadi Jakarta wakashuka wanatembea vizuri kuliko sisi. Akasimama kuonyesha namna ya kuzimia bila kuumiza magoti, mguu wa kushoto kwanza, akashika bati, maji yakammwagikia shingoni.

— Nikishafika, aliuliza Bu Imas, — nizimie tena ili wanifungulie ukumbi?

Tukaomba kahawa nyingine.

Sharubu alikuwa ameacha kucheka kitambo. Alitazama reli kwa jicho la mtu anayetazama mto ambao hajui kina chake. Mimi mtu namjua akianza kuogopa, mikono yake inatafuta kazi. Yake ilikuwa inafuta kioo cha pikipiki, na mvua inakilowesha, naye anafuta tena. Ngongoti, ambaye hana breki kwenye pikipiki wala mdomoni, akamwambia aharakishe kuamua, maana chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Alikusudia tu ile milango ya ukumbi. Lakini Sharubu aligeuka akamtazama hivi, na Ngongoti akainamia bilauri yake.

Ndipo treni ya jioni ikashusha watu. Wengi wakakimbia na mifuko ya plastiki kichwani, wengine wakaitana na wale wa makoti ya kufanana. Dada mmoja akaja kwetu. Shati la ofisini, viatu mkononi, ndala miguuni, begi amelivaa mbele kifuani kama wavaavyo wote wanaosafiri kwenye ule msongamano. Alikuwa mgeni, na mimi wageni nawajua, kwa sababu alikwenda kukaa moja kwa moja pale panapovuja. Tukamwacha. Ni mila.

Aliagiza kahawa asubiri mvua ipungue. Nikamwambia mvua ya huku haipungui, inapumzika, na pikipiki yangu ndiyo pekee inayojua njia kavu. Akasema jina lake Wening, amehamia chumba cha kupanga nyuma ya msikiti wiki hii, na kwamba njia ya nyuma ya msikiti ni moja tu na ameshaiona, haina paa. Mzee Juu alicheka hadi akakohoa. Sawa, siku moja moja mtu anapata.

Kwa kuwa mgeni hana heshima ya kunyamaza kijiweni, walimpa kesi aamue. Wakamsimulia yote: magoti, kofia, milango, kigoda, Sukabumi, beji, na Mzee Juu alitaka kuonyesha kuzimia mara ya pili tukamshika. Doriani nililieleza mwenyewe, maana wao wangeliharibu. Dada wa watu alisikiliza, matone yanamdondokea begani, tone, tone, wala hahami. Akamgeukia Sharubu.

— Samahani, Pak. Huyo binti anasoma Jakarta miaka yote hii, huwa anakwenda na kurudi?

— Kila siku, alisema Sharubu, na kifua kikapanda. — Namleta mimi. Hata siku moja hajakosa treni.

— Anapandia behewa lipi? Mlango upi?

Sharubu akapiga funda la kahawa.

— Treni ya asubuhi, akasema.

— Ndiyo. Lakini mlango wake?

Mvua ilipiga bati. Ngongoti alinitazama mimi, mimi nikamtazama Mzee Juu, na Mzee Juu akatazama angani, ambako zamani ndiko alikosafiria. Watu wa benchi la stesheni, jamani, tunaojua nani kagombana na nani kwa kuangalia tu kofia yake ya pikipiki.

Wening hakusema kwa kututia aibu. Alieleza taratibu, kama mtu anayetaja kitu ambacho kila mtu anakijua. Kila anayesafiri kila siku ana behewa lake na mlango wake, na mlangoni hapo wako watu wake, walewale, miaka. Yeye mlango wake wa zamani, kabla hajahamia huku, ulikuwa na mama wa kuoka keki, na kijana wa benki, na baba mmoja fundi viyoyozi anayejua vichekesho vibaya. Walikula futari pamoja ndani ya treni kila mfungo. Mmoja akiumwa, wengine wanajua kabla ya ofisi yake. Asubuhi treni inaposimama, wale waliotangulia kupanda huko nyuma wameshamwekea mwenzao mahali, hata kama ni pa kuegemea tu.

— Mama yangu alikuja mara moja kutoka Wonosobo, alisema. — Niliwaambia jana yake tu. Hata hajamaliza kuingia, kiti kipo. Huku kwenu bado sina mlango, nashika hewa.

Akanywa kahawa. Machicha yalimshinda, akayatema pembeni kwa adabu.

— Nilidhani mmeshamuuliza binti, akasema.

Mzee Juu akasogea. Ngongoti akasogea. Mimi pia nikasogea, sijui kwa nini, na dada akajikuta halazimiki kukaa tena pale panapovuja. Hakuna aliyemwambia kitu.

Bu Imas alikuwa ameacha kugeuza ndizi. Mafuta yalilia peke yake.

— Mimi humuuliza kama amekula, alisema.

Hakumwambia mtu yeyote. Sharubu akamjibu hata hivyo.

— Mimi humuuliza kama ameiwahi treni.

Kisha akatoa simu. Aliishika muda mrefu, akaipangusa kwenye shati kama alivyokuwa anapangusa kioo, akasimama ukingoni mwa bati akatupa mgongo. Sisi si watu wa kusikiliza mazungumzo ya wenzetu, ila benchi ni fupi.

— Kokom. Hapana, hakuna aliyekufa. Mama yuko hapa. Anakaanga.

Akakohoa.

— Nauliza tu. Wewe huwa unasimama mlango gani?

Akaitazama simu kuona kama imekatika. Halafu Kokom akaanza kusema, na alisema kwa muda. Sharubu alikuwa anaitikia ehe, ehe. Mvua inamlowesha bega moja naye hajui. Mara akauliza:

— Bega la nani?

Akasikiliza.

— Umesimama? Unalala umesimama?

Akasikiliza tena, na hapo ule mgongo wake mpana wa kubebea watu ulishuka kidogo, kama pikipiki inapotolewa upepo. Akasema, tangu lini. Akasema, mbona hukuniambia. Sijui alijibiwa nini. Najua tu kwamba alirudi, akampa mkewe simu, akakaa kwenye benchi, palepale panapovuja, na akatusimulia akitazama vidole vyake.

Behewa la nne, mlango wa nyuma. Pale mlangoni yuko mama mmoja, Bu Tumini, mshonaji, anashonea watu sokoni Tanah Abang. Yeye hupandia Bogor, na Kokom anasema kesho atamwekea mama kiti tangu huko. Mwaka wa kwanza Kokom alikuwa analala akiwa wima, kichwa kinagonga kioo, kwa sababu chuo kinamchosha na usiku anamsaidia mama yake kumenya mihogo. Bu Tumini akamwambia, mwanangu, egemea huku. Tangu siku hiyo Kokom analala kila asubuhi kwenye bega la Bu Tumini hadi stesheni ya Manggarai, na mlinzi mmoja wa shule anamshikia begi. Mtihani ukikaribia wanamwuliza maswali kutoka kwenye daftari lake, watu wasiojua mfupa wala mshipa, wanasoma tu swali, naye anajibu, mlango mzima unamsikiliza.

— Na kofia, akasema Sharubu.

— Kofia imefanyaje? nikauliza.

— Ya kesho. Kaishona yeye. Bu Tumini.

Tulimtazama Bu Imas. Alikuwa ameshamaliza kuongea, simu iko mezani karibu na sukari. Mwanamke amesimama miaka yote hiyo kwenye karai ili mwanawe asome, na kuna mwanamke mwingine, hajawahi kumwona hata kivuli, aliyembeba mwanawe begani asubuhi zote hizo. Unaweza kushukuru na kuumia kwa pamoja. Niliiona pale, usoni mwake, ikipita kama treni isiyosimama kwetu.

Ngongoti, maskini, alitafuta methali. Niliona anaitafuta. Akaikosa, akavuta sigara.

Bu Imas alifuta mikono kwenye aproni. Akachukua birika la kahawa, akalimwaga lote nje kwenye mvua, na bilauri ya Mzee Juu ilikuwa ndiyo kwanza imenyooshwa iongezewe.

— Kahawa imekwisha, alisema.

— Imekwisha vipi na umeimwaga?

— Nataka moto. Jalu, kaniletee ndizi zote gengeni kwa Haji Mukri, zile ndogo tamu, usiniletee za supu. Mwambie ni za Kokom.

Nikamwuliza ndizi zote za nini na kesho hafungui meza. Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyependekeza kuzimia.

— Kesho naingia mlango wa watu. Niingie mikono mitupu?

Hiyo ndiyo methali yangu niliyoitoa kwa ajili ya doriani. Nikamwonyesha Ngongoti kidole. Ameona sasa inavyohusiana?

Basi nikawasha pikipiki. Wening akaniomba nimpitishe nyuma ya msikiti, kwa kuwa naelekea huko, na nikamwambia anakaribishwa, ila njia ni moja na haina paa. Tulipokuwa tunaondoka nikamsikia Bu Imas akimwuliza mumewe, na sufuria mkononi, swali dogo kabisa, la mtu anayetaka kujua akaange kiasi gani.

— Wako wangapi pale mlangoni?

Sharubu aliwaza. Aliangalia vidole kama vile watu hao wamekaa juu yake. Akaangalia benchi, na benchi halikuwa na la kumpa. Kisha akaichukua simu pale karibu na sukari, mara ya pili jioni moja, mtu ambaye tangu aimiliki hajawahi kuipiga bila ya msiba.

— Kokom, akasema, — ni mimi tena.